Robo ya Robo ya Tola

Siku ya nane tangu mjukuu wangu azaliwe, niliingia katika duka la sonara mmoja hapa Tanga nikiwa nimevaa kanzu yangu ya Ijumaa, ingawa siku yenyewe ilikuwa Jumanne, na mkononi nimeshika bahasha ndogo nyeupe ambayo, kwa jinsi nilivyoibana kifuani, mpita njia angeweza kudhani kwamba nachukua mahari ya binti Sultani. Sonara huyo ni mtu wa makamo ambaye babu yake alivuka bahari kutoka Kutch, naye amezoea kuletewa bangili zilizokatika, herini zilizopotelewa na wenzi wao, na aghalabu machozi ya wanawake wanaouza wasichopenda kukiuza. Walakini nilipomwambia kwamba ndani ya bahasha mna nywele, hakushangaa wala hakucheka. Aliinuka, akazima feni iliyokuwa ikizunguka juu ya vichwa vyetu, akaufunga mlango ili upepo wa bandarini usiingie, ndipo akasema: "Weka taratibu, mzee wangu. Hizi huruka kabla ya kupimwa."

Katika kabati lake la kioo mna mizani ya shaba ya marehemu babu yake, yenye vitanga viwili vinavyoning'inia kwa nyuzi, pamoja na kikopo cha mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi ambazo masonara wa Kihindi walizifanya mawe ya kupimia zamani. Mizani hiyo sasa ni pambo tu. Nywele za mjukuu wangu zilipimwa kwa mizani ya betri, ndogo kama kitabu cha dua, ambayo kwanza iliwekewa karatasi tupu ikarudishwa kwenye sufuri, kisha ikapewa nywele, ikakaa kitambo tarakimu zake zikipanda na kushuka kama shahidi anayesita kusema, mpaka zikatulia: gramu 0.73. Sonara alipiga hesabu kichwani. "Tola moja ni gramu kumi na moja na ushei," akasema. "Hii ni robo ya robo ya tola."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kitu kidogo, lakini si kwa udogo ule. Mimi nilikuwa karani wa mizani katika shamba la mkonge, na miaka yangu yote ya kazi ilipita mbele ya marobota, kila robota kilo 250, manne yakifanya tani, tani zikienda bandarini. Na mbele ya mizani ya namna ile, kilo moja ikizidi au ikipungua haikumtoa mtu jasho, maana ilikatwa au ikaongezwa kwa ncha ya kalamu, na shauri likaisha. Leo uzeeni nasimama nimezuia pumzi mbele ya kitu ambacho pumzi yangu mwenyewe ingeweza kukitawanya, nami sikuthubutu kuomba kwamba ile 0.73 ifanywe moja kamili ili tuepukane na usumbufu, kwa sababu shangazi yangu, aliyenituma, alikuwa ameniasa juu ya jambo hilo hilo.

Unyoaji wenyewe ulikuwa jana yake. Wako watu kwetu wanaomnyoa mtoto siku ya saba na wako wanaosubiri arobaini, siku ambayo mzazi hutoka ndani na ulimwengu ukamwona. Sisi, kwa amri ya shangazi, tulifuata siku ya saba. Ajuza huyu amepita miaka themanini, na katika mambo ya uzazi neno lake ndilo la mwisho, wala hakuna mwanamume katika ukoo wetu aliyepata kulipinga akafaulu. Mtoto alikwisha oshwa, akanyonya akashiba, kwa kuwa shangazi ana kanuni moja ya ukinyozi isiyovunjwa, nayo ni kwamba mwenye njaa hanyolewi; kisha akalazwa mapajani mwa bibi yake mzaa mama, juu ya kipande cha bafta nyeupe kilichotandazwa ili kisianguke hata kiunywele kimoja. Bafta hiyo ndiyo hiyo tukatiwayo sanda. Nililiona jambo hilo, nikalinyamazia.

Kinyozi ni mzee wa Ngamiani ambaye alimnyoa mwanangu, yaani baba yake mtoto, miaka thelathini na kitu iliyopita. Mwanangu alimkabidhi wembe mpya uliofungwa katika karatasi yake, na mzee akauona kama ni tuhuma.

"Wewe nilikunyoa kwa wembe wa kukunja nilioutia kinoo kwa mkono wangu," akasema, "na kichwa chako hicho hapo, hakikupungua kitu."

"Na watoto waliokwenda kwa pepopunda wakati ule," akajibu shangazi bila kuinua macho, "nao walikuwa na vichwa, baba."

Mzee aliufungua wembe mpya. Akachovya vidole katika bakuli la maji ya uvuguvugu, akaanza kukilowesha kile kichwa kwa upole ambao sikuutarajia katika vidole vya namna ile, vigumu na vyeusi kwenye kucha kwa rangi ya miaka mingi. Akalowesha tena, na tena, mpaka zile nywele zikalala zikang'ara kama manyoya ya kifaranga aliyetoka sasa hivi ndani ya yai. Tumeizoea mno methali isemayo kwamba mwenzako akinyolewa, wewe tia maji, hata tumeigeuza kuwa onyo la mambo ya siasa na mikopo, tukasahau kwamba ndani yake mna elimu ya kinyozi: nywele kavu huukataa wembe, nao wembe ukikataliwa huhamia kwenye ngozi. Mtu anayesimulia jinsi alivyodhulumiwa atakuambia kwamba alinyolewa kavukavu, na kila asikiaye hulihisi neno hilo utosini mwake.

Na utosi ndio uliotuzuia pumzi sote. Mtoto mchanga huja duniani fuvu lake likiwa bado vipande vipande ili apate kupita njia nyembamba aliyopitia, na juu ya kichwa, mbele, huachwa pengo laini ambalo kwa watoto walio wengi halifungi mpaka baada ya mwaka, au mwaka na nusu. Ukitazama utauona utosi ukipwita, ukienda na moyo, kama kwamba kuna mtu ndani anayegonga taratibu akiuliza kama tayari pamekucha. Kinyozi alianza upande wa kulia kwa Bismillahi, akashuka nyuma ya sikio, akapanda kisogoni, na alipofika utosini aliubadilisha mkono wake kabisa: hakuuburuza wembe, aliugusisha tu, kama mtu anayeondoa utando wa maziwa bila kuyatikisa maziwa. Mtoto hakulia. Alikunja uso kama hakimu aliyeletewa kesi ya upuuzi, akaendelea kulala.

Niseme sasa juu ya nywele zenyewe, kwa maana kabla ya kunyolewa zilikuwa zimekwisha leta maneno nyumbani. Mtoto alizaliwa na nywele nyingi, laini, zilizolala, zile tuziitazo za singa. Na akina mama waliokuja kumpa mzazi hongera, kila mmoja alipofunua kanga akamtazama mtoto, alishusha mashallah kisha akapanda nasaba: huyu amerudi kwa babu wa babu yake wa Hadhramaut, huyu amechukua damu ya upande wa Shirazi, mtazameni. Wakamshika na masikio, wakaangalia ncha zake ili wabashiri rangi atakayokuwa nayo akikua, maana hiyo ni elimu ya kale katika pwani yetu, na ni elimu ambayo sijapata kuona kheri yake. Bibi yake mzaa mama, mwanamke wa Kizigua kutoka Korogwe, ambaye chini ya mtandio wake nywele ni fupi, ngumu na nyeupe, alikuwa ameketi pale pale mkekani akiyasikia yote. Hakutia neno. Alimpokea mtoto tu kutoka mikononi mwa mgeni mmoja, akamfunika masikio.

Ghururi hii ya nywele za kwanza ni ya ajabu hasa kwa kuwa hazina ukweli. Watoto wengi wa Kiafrika huzaliwa na nywele zilizonyooka, kisha hizo hupukutika zenyewe katika miezi ya mwanzo, zaidi kisogoni ambapo kichwa husugua mto, na zile zinazofuata, ambazo ndizo zake mwenyewe, hujikunja kadiri zilivyoandikiwa. Mtoto akiwa tumboni humea malaika mwili mzima, laini ajabu, ambayo kwa kawaida huyavua kabla hajazaliwa. Nywele za kichwani huchelewa kuvuliwa, basi huja nazo kama msafiri aliyeshuka chomboni bado amevaa nguo za safari. Wembe wa siku ya saba hauharibu kitu. Unaharakisha tu habari ambayo ingefika, na jioni ile, kichwa cha mtoto kilipokuwa kitupu, cheupe kwa unga wa poda na duara kama dafu, wageni waliokuja hawakupata pa kushikia nasaba, wakauliza jina lake.

Iko itikadi nyingine, isiyo na madhara, kwamba mtoto akinyolewa nywele zitarudi nene na nyingi. Shangazi anaiamini. Ukweli ni kwamba mashina yote ya nywele atakayokuwa nayo mtu huwa yamekwisha pandwa chini ya ngozi kabla hajazaliwa, na wembe hukata kile kilichokwisha toka nje, ambacho hakina uhai wala hakina namna ya kulipelekea shina habari. Mwaka 1928 mtaalamu mmoja wa Marekani, Mildred Trotter, alichapisha uchunguzi wake juu ya kunyoa na uotaji wa nywele, akathibitisha kwamba wembe hauzifanyi ziote upesi wala kunenepa. Unywele usiokatwa una ncha nyembamba. Uliokatwa una ncha butu, basi mkono hudhani kwamba umeguswa na kitu kinene. Nilimweleza shangazi hayo yote kwa taadhima. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama huyo bibi alikuwa na watoto.

Wanazuoni wa lugha ya Kiarabu, na Al-Asmai miongoni mwao, wamesema kwamba neno akika asili yake ni nywele zenyewe ambazo mtoto huzaliwa nazo, kisha jina likahamia kwa mnyama anayechinjwa wakati zinaponyolewa. Nasi Waswahili tulipolipokea neno tulipokea nusu, maana leo ukimwalika mtu kwenye akika, fikira yake huenda moja kwa moja kwenye pilau. Mbuzi wawili kwa mtoto wa kiume, mmoja kwa wa kike: hesabu hiyo kila mtu anaijua. Imepokewa kwa Buraida kwamba zama za ujahilia watu walikuwa wakichinja na kumpaka mtoto damu ya mnyama kichwani, na Uislamu ulipokuja wakawa wanachinja, wananyoa, na mahali pa damu wanapaka zafarani. Sijui kama kuna mahali pengine ambapo mabadiliko ya dini yanaweza kuonekana waziwazi kama pale, juu ya kichwa kisichozidi chungwa kubwa: damu ikaondoka, ikaja harufu nzuri.

Kinyozi wetu alipokaribia kumaliza aliacha kishungi utosini, akarudi nyuma kukitazama kichwa kama fundi anayetazama mlango, akauliza kama tunataka kukiacha. Wazee wengine zamani walipenda kumwachia mtoto denge, ile duara ya nywele juu na pembeni pote peupe, wengine kwa pambo, wengine wakidhani kwamba inaufunika utosi usipigwe na baridi. Mafundisho ya dini yamekataza kunyoa sehemu na kuacha sehemu. Ama kinyoe kichwa chote, ama kiache chote. Shangazi hakutoa hoja ya kitabu. Alisema tu, "Maliza, baba. Mtoto si shamba la kugawana."

Ndipo tukafika kwenye kupima. Imam Malik ameandika katika Muwatta kwamba Bibi Fatuma, binti wa Mtume, alizipima nywele za Hasan na Husein, na za Zainab na Umu Kulthumu, akatoa sadaka fedha ya uzani wake. Na katika upokezi mwingine imesemwa kwamba nywele za Hasan zilipata uzito wa dirhamu moja, au sehemu ya dirhamu. Dirhamu ya sheria ni kama gramu tatu hivi. Nimeyasoma hayo tangu ujana, na sikuzote jicho langu lilipita juu ya maneno "au sehemu ya dirhamu" bila kutua. Baada ya kusimama kwa sonara nimeyarudia, nami naona kwamba aliyesimulia hakutaka kuongeza wala kupunguza hata katika kitu chenye uzito wa pumzi: pale asipokuwa na yakini alisema hana yakini, akatuachia mizani ikitikisika.

Mimi kwa tabia ya ukarani wangu nilikuwa na njia nyepesi. Nilimwambia shangazi kwamba uzani wa nywele za mtoto ni kitu kisichofika popote, basi nitatoa noti moja nzuri kwa maskini, ambayo itazidi fedha ile mara nyingi, na hapo tutakuwa tumefanya hisani kubwa kuliko tuliyoagizwa. Aliniangalia kitambo.

"Hiyo ni yako," akasema. "Itoe, Mungu akutakabalie. Lakini mtoto ana yake. Usimfunike kwa ukubwa wako, mwanangu."

Sikuwa na jibu, wala sina mpaka leo. Ndiyo maana sonara, baada ya kupima, alitoa uzi wa fedha kutoka katika mtoto wa meza, akakata kipande kifupi, akakiweka juu ya mizani, kikazidi. Akakisugua kwa tupa juu ya karatasi, akapima, kikazidi bado. Akasugua tena kidogo, na vumbi jeupe likadondoka, mpaka tarakimu zikarudi pale pale zilipokuwa zimesimama kwa ajili ya nywele. Kazi hiyo ilimchukua muda uliotosha kumuuzia mtu mwingine mkufu. Alipokataa ujira nilijaribu kumlazimisha, akasema kwamba babu yake hakupata kuutoza ujira uzani huu, naye hana sababu ya kuanza. Thamani ya kile kipande haikutosha kununulia kitoweo cha siku moja.

Lugha yetu ina neno moja, fedha, kwa madini yale na kwa noti za mfukoni, nasi tumetumia la pili mpaka la kwanza likafifia. Nilipompelekea kile kipande mjane mmoja auzaye kashata karibu na msikiti wetu, nikamwambia, "Mama, pokea fedha hii," aliufungua mkono akitazamia noti, akaona kijiti king'aacho kisichofika urefu wa ukucha. Aliniuliza ni nini. Nikamwambia ni uzani wa nywele za mjukuu wangu aliyezaliwa juma lililopita. Alikigeuza kwenye mwanga, akamwombea mtoto umri, akakifunga katika pindo la kanga yake mafundo mawili, kama wafungavyo wanawake wetu kitu wasichotaka kipotee. Noti yangu nilimpa baadaye, kwa mkono mwingine, na hiyo aliiweka katika kikapu pamoja na za wateja.

Nimekwisha kunyolewa mimi mwenyewe mahali ambapo hakuna anayepima. Siku ya kumi ya Mfunguo Tatu, huko Mina, wanaume maelfu kwa maelfu huinamisha vichwa mbele ya wembe, kwani Mtume aliwaombea rehema wanaonyoa mara tatu na wanaopunguza mara moja, na nani atakayetaka kukosa mbili? Nywele nyeusi, nyeupe, za hina, za singa na za kipilipili, hulala pamoja chini katika marundo ambayo wafagizi huyakusanya kwa makoleo na kuyatia magunia, na karani wa mkonge angeweza kuyafunga marobota. Nilishika kichwa changu kitupu juani, nikajiona mwepesi mno, wala halikunijia swali la nywele zangu kuwa na uzito gani. Mtu mzima hunyolewa ili akubali kwamba yeye ni mmoja katika umati. Siku saba za kwanza za maisha ni kinyume chake, kwa kuwa mtu mmoja, asiye na jino wala neno, nyumba nzima hukesha kwa ajili ya gramu zake zisizofika moja, na sonara akamzimia feni.

Nywele zenyewe nilizirudisha nyumbani katika bahasha ile ile, na shangazi akaenda kuzizika kwa mikono yake chini ya mkomamanga wa uani, pale alipokizika kitovu. Alifukia, akamwagia maji, akanawa. Mama yake mtoto alikuwa ameomba aachiwe japo shada moja ya kutia katika kitabu, akakataliwa, akalia kidogo, kisha akachekelea kile kichwa kipya alipokigusa kwa kiganja na kukuta kwamba kinamkwaruza.

Ijumaa niliivaa tena ile kanzu. Nikiwa mbele ya kioo nafunga kifungo cha shingo, niliona kwenye darizi unywele mmoja, mwembamba, mweusi, umejikunja kama herufi iliyoanzwa ikaachwa, nao haukuwa wangu wala wa mtu yeyote mkubwa. Karani aliyemo ndani yangu alisimama: hesabu ilikuwa imefungwa, fedha imefungwa mafundo mawili, nywele zimezikwa, na hapa upo mmoja ambao haukupimwa. Nilidhani nitaupeleka kwa sonara. Nilidhani nitamwita shangazi. Lakini mwadhini alikuwa amekwisha anza, na njia ya msikitini ni ndefu kwa miguu ya mzee, basi nikatoka nao hivyo hivyo shingoni, na niliporudi adhuhuri sikuuona tena.